Chakula kikipita mshipani, nyongo hulala

NILIPOVUKA mpaka wa Mutukula kwenda Kampala nilijua jambo moja tu: dada yangu amepasuliwa. Utumbo wake ulijisokota, na madaktari wakalazimika kukata sehemu kubwa ya utumbo mwembamba iliyokwisha kufa. Nilimkuta kalala, mfuko mweupe kama maziwa umetundikwa juu ya kitanda, mrija umeingia kwenye mshipa mkubwa wa kifuani. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake, mchana na usiku, kwa wiki ya tano sasa.

“Angalau tumbo linapumzika,” nilimwambia shemeji kwa kumliwaza.

Daktari aliyekuwa akipekua mafaili alinisikia. “Tumbo linapumzika, ndugu yangu, lakini na nyongo inalala. Hapo ndipo penye kazi.”

Nikamwomba anifafanulie. Nyongo hutengenezwa na ini, ikahifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini yake. Mtu akila, hasa chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nayo hukiamuru kifuko kijikamue. Chakula kikipitia mshipani hakuna kinachougusa utumbo, kwa hiyo amri haitoki. Nyongo hutuama, huwa nzito, hugeuka tope, na tope likikaa huzaa mawe.

Si jambo la kubahatisha. Utafiti wa madaktari wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1983 ulifuatilia wagonjwa 23 waliolishwa hivyo. Kila aliyevuka wiki sita alikutwa na tope. La kutia moyo ni kwamba waliporudi kula kwa mdomo, tope lilitoweka.

Kwa dada yangu hatari ilikuwa maradufu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ndiyo hurudisha chumvi za nyongo mwilini, nayo ilikuwa miongoni mwa zilizokatwa.

Dawa zipo zilizojaribiwa. Wapo waliochoma sindano za homoni ile ile, lakini kwa watoto wachanga majaribio hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Kinga inayosifiwa zaidi ni nyepesi kuliko zote: kumrudishia mgonjwa chakula kidogo tumboni mapema iwezekanavyo, hata vijiko vichache, ilimradi daktari ameruhusu. (Nasisitiza ruhusa, maana najua sisi ndugu wa wagonjwa tunavyoficha chupa za uji chini ya kanga.) Pia mfuko waweza kufungwa kwa saa kadhaa kila siku badala ya kutiririka mfululizo, na kifuko cha nyongo kikachunguzwa mara kwa mara kwa altrasaundi.

Nilitabasamu nilipokumbuka kwamba ni katika mji huu huu, hospitali ya Mulago, alikofanya kazi daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeeleza saratani yenye jina lake mwaka 1958. Baadaye aliyataja mawe ya nyongo miongoni mwa maradhi yaliyokuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika, akihusisha hali hiyo na vyakula vyao vyenye makapi mengi. Mrija wa mshipani haujali kama mgonjwa alilelewa kwa ndizi au kwa mkate mweupe.

Wiki ile daktari akaruhusu uji mwepesi, vijiko vitano, mara tatu kwa siku. Shemeji akanunua saa ya ukutani ili asikosee. Altrasaundi iliyofuata ilionyesha tope jepesi, mawe hakuna.

Dada alipoulizwa hali, alilalamika kwamba uji hauna sukari.