Rimasta Hupimwa kwa Ngoma

Novemba 2018 Metallica, kundi la muziki wa metali, walitoa upya albamu yao ya mwaka 1988, ...And Justice for All, safari hii ikiwa rimasta. Mashabiki wengi walikuwa wamengoja jambo moja kwa miaka 30: kulisikia gitaa la besi la Jason Newsted. Newsted aliingia kundini baada ya Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, kufa katika ajali ya basi huko Sweden mwaka 1986, na kwenye albamu hii, ya kwanza ya nyimbo mpya aliyorekodi na wenzake, besi yake ni kama haipo. Steve Thompson, mmoja wa mafundi wawili walioifanyia miksi, ameshasema hadharani kwamba agizo la kuishusha lilitoka kwa Lars Ulrich, mpiga ngoma. Rimasta ikatoka, watu wakavaa hedifoni, na besi bado haikuwepo. Manung'uniko yakawa mengi.

Fundi wa sauti hakuwa na cha kushangaa. Miksi na masta ni kazi mbili tofauti. Studio hurekodi kila ala kwenye njia yake: gitaa hapa, besi pale, ngoma zikigawanywa njia kadhaa. Wakati wa miksi njia zote hizo huunganishwa zikabaki mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Masta huja baadaye. Fundi mwingine, mara nyingi katika jengo jingine kabisa, huzichukua zile njia mbili, hurekebisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba, husawazisha wimbo na wimbo, kisha huandaa nakala ya kupeleka kiwandani. Anayefanya rimasta, yaani masta kwa mara nyingine, anaanzia hapohapo. Amepokea pilau iliyokwisha kuiva: kachumbari anaweza kuongeza, mdalasini hawezi kuutoa. Akiyapandisha masafa ya besi ya Newsted, atapandisha pamoja nayo ngoma ya mguu na sehemu ya chini ya magitaa ya James Hetfield, kwa sababu vyote vinakaa mtaa mmoja. Kuipata besi ile kungehitaji rimiksi, yaani kuzirudia njia zote za awali na kuzipanga upya, jambo ambalo wenyewe Metallica hawakulitaka.

Kwa nini basi rimasta zifanyike? Sababu nzuri zipo. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kampuni za muziki zilikimbilia kuhamisha albamu zao za zamani, na mara nyingi mkanda uliokuwa karibu ndio uliotumika. Huo ungeweza kuwa nakala ya nakala, au mkanda ulioandaliwa kwa ajili ya kuchonga santuri. Santuri ina masharti yake. Besi ikizidi sindano huruka mfereji, kwa hiyo mafundi waliipunguza tangu mwanzo. Mkanda wa namna hiyo ukimiminwa kwenye CD bila marekebisho, muziki unatoka mwembamba, umekonda kiunoni. Vilevile kila mara mkanda unaponakiliwa kwenye mkanda mwingine, mvumo unaongezeka na matoazi yanafifia. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka 1970, karibu yote ilirekodiwa kwa siku moja London. Muziki mkavu kama ule, wenye nafasi nyingi kati ya ala na ala, hauna pa kuficha mvumo. Fundi akiupata mkanda wa kwanza kabisa, akausoma kwa mashine nzuri, tofauti utaisikia hata kwenye redio ya jikoni.

Kuupata ni hatua moja, kuucheza ni nyingine. Mikanda mingi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya miaka ya 1980, Ampex 456 ikiwa maarufu zaidi, ina gundi inayonyonya unyevu wa hewa. Ukiiweka mashinani inanata, inalia, na tabaka lenye muziki linaanza kubanduka. Dawa yake ni kuioka. Naam, mkanda huokwa kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 54 hivi za selsiasi, kisha hunakiliwa haraka kabla haujaanza kunata tena.

Tatizo la rimasta nyingi za metali linaanza baada ya kazi hiyo yote nzuri kukamilika, pale fundi au bosi wake anapouliza: je, inapiga kwa nguvu kuliko albamu nyingine?

Sauti ya dijitali ina dari. Ukiifikia hakuna pa kwenda juu zaidi, kinachozidi hukatwa. CD ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya dari hiyo na ukimya, na albamu za miaka ya 1980 ziliitumia kwa uungwana: vilele vya sauti vilikaribia dari, muziki wenyewe ukatembea chini yake kwa raha. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja limita za kompyuta zenye uwezo wa kuchungulia mbele, L1 ya kampuni ya Waves ya mwaka 1994 ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Limita inakiona kilele kabla hakijafika, inakibonyeza, na sauti yote iliyobaki inapata nafasi ya kupandishwa. Rudia hivyo kwa vilele vyote na wimbo mzima utasogea juu kwa desibeli sita, nane, hata zaidi. Ukiutazama mchoro wake kwenye kompyuta, pale palipokuwa na milima na mabonde unaona tofali.

Hapa ndipo metali inapoumia kuliko muziki mwingine, na sababu yake huelezwa mara chache. Gitaa la metali limekwishabanwa tangu kwenye amplifaya. Mkwaruzo tunaoupenda unatokana na mawimbi yaliyosukumwa mpaka vichwa vyake vikakatika, kwa hiyo nguvu ya gitaa haipandi wala kushuka sana. Ni ukuta ulionyooka. Kinachochomoza juu ya ukuta huo ni ngoma: ngoma ya mguu, na hasa sneya, ile ngoma bapa yenye nyaya za chuma chini yake, inayopigwa kwenye mapigo ya pili na ya nne. Pigo la sneya huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini ndilo refu kuliko yote kwenye mchoro. Sasa iambie limita ikate kila kinachochomoza. Gitaa halina kilele cha kukatwa. Kinachokatwa ni ngoma, pigo baada ya pigo, kwa dakika 40.

Matokeo yake ni ya ajabu: albamu inapiga kwa sauti kubwa zaidi na wakati huohuo inapoteza ubabe. Pigo lililokuwa likikugonga kifuani linakuwa kama mtu anayegonga boksi nyuma ya magitaa. Matoazi, yaliyokuwa yakilia na kufa taratibu, yanavimba na kunywea kila ngoma ya mguu inapopigwa, kwa sababu limita inaibonyeza sauti yote kwa pamoja. Baada ya nyimbo nne tano masikio yanachoka, nawe hujui kwa nini.

Wala ubovu huu si wa matoleo mapya pekee. Death Magnetic, ambayo Metallica waliitoa Septemba 2008, ilizaliwa nao. Mashabiki waligundua kwa njia ya kuchekesha: nyimbo zilezile zilipatikana pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, uliopewa njia za ala mojamoja kabla hazijabanwa, na zilisikika safi kuliko za kwenye CD. Maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu ifanyiwe miksi upya. Ted Jensen, aliyefanya masta, alijitetea kwamba miksi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa kama tofali, na mimi namwamini, kwa kuwa aina ile ya mkwaruzo kwenye ngoma haianzii kwenye masta. Kwa albamu hiyo, anayetetea toleo la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza anajisumbua.

Kuna pia vitu vinavyouzwa kwenye fungu la rimasta visivyostahili jina hilo. Mwaka 2002 albamu mbili za mwanzo za mwimbaji Ozzy Osbourne akiwa peke yake, Blizzard of Ozz na Diary of a Madman, zilitolewa upya baada ya besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake kuondolewa na kurekodiwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Kulikuwa na ugomvi wa malipo kati ya wanamuziki hao wawili na upande wa Ozzy. Gitaa la Randy Rhoads, aliyekufa mwaka 1982, likabaki likipigwa sambamba na watu ambao hakuwahi kurekodi nao. Matoleo ya 2011 yalirudisha ala za awali. Mwaka 2004 Dave Mustaine naye alizifanyia rimiksi albamu za kundi lake, Megadeth, na katika Rust in Peace ya 1990 baadhi ya sauti zake za zamani hazikupatikana, akaimba upya. Ngoma zina nafasi zaidi, kweli, ila sauti ya mtu wa mwaka 2004 ndani ya hasira ya 1990 mimi hunitoa kwenye wimbo kila mara. Wapo wanaoipenda.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, shughuli ya kwanza ni kusawazisha ukubwa wa sauti, na bila hiyo yaliyobaki ni kubahatisha. Sikio la binadamu lina udhaifu uliopimwa maabara tangu miaka ya 1930 na Fletcher na Munson: sauti ikipanda, tunasikia besi na sauti nyembamba vizuri zaidi. Tofauti ya desibeli moja hatuitambui kuwa ni ukubwa. Tunaiita "uwazi" au "utamu". Ndiyo maana rimasta hushinda dukani na kushindwa nyumbani. Shusha ile yenye kelele mpaka maneno ya mwimbaji yasikike kwa ukubwa uleule kwenye matoleo yote mawili. Chagua sekunde 30 za sehemu ambayo ala zote zinapiga. Mwombe mtu abadilishe matoleo bila kukuambia lipi ni lipi. Kisha liache gitaa, usiliangalie kabisa, ufuate sneya: inatoka mbele ya magitaa au imezama ndani yake? Baada ya sneya sikiliza mkia wa toazi.

Wapenda namba hutumia kipimo cha DR, kinachokadiria umbali kati ya vilele na wastani wa sauti. Death Magnetic ya CD hupata 3, namba ya aibu. Kipimo ni kizuri kwa kulinganisha CD na CD. Kwa santuri kinadanganya: kule kuchongwa na kusomwa kwa sindano huvipindua vilele, namba ikapanda hata kama masta ni ileile.

Jambo moja limebadilisha mchezo. Huduma za muziki mtandaoni sasa husawazisha sauti zenyewe. Spotify kwa kawaida huuelekeza kila wimbo kwenye LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Albamu iliyobanwa hushushwa, na ikishashushwa hubaki na ngoma zake zilizokatwa vichwa bila faida yoyote ya kelele. Hata kabla desturi hiyo haijaenea, Earache, kampuni ya Uingereza yenye rekodi nyingi za dethi metali, ilianza kutoa baadhi ya albamu zake upya bila kuzibana, ikizitambulisha kwa herufi FDR.

Usumbufu ni kwamba huduma hizohizo mara nyingi huweka toleo jipya na kuliondoa la zamani, kwa hiyo anayetaka la awali huishia kwenye CD zilizotumika. Ukikutana na mojawapo, geuza kasha usome maandishi madogo ya nyuma. Miaka miwili karibu na herufi P yenye duara, mmoja wa zamani na mmoja wa karibuni, ni dalili ya toleo lililoguswa tena. Mwaka mmoja tu wa miaka ya 1980, bila neno lolote la kujisifu kwenye jalada, unastahili kusikilizwa kabla muuzaji hajajua unachotafuta.