Uvimbe Usio Saratani Mgongoni: Wahi Tiba, Usikimbilie Kupona

Mgonjwa anaposomewa majibu ya MRI na kuambiwa uvimbe wake mgongoni hauelekei kuwa saratani, familia nzima hushusha pumzi. Wana haki ya kufurahi, kwa kuwa uvimbe wa aina hii hausambai mwilini. Hatari yake iko mahali ulipoota: ndani ya mfereji mwembamba wa pingili, ubavuni mwa ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Mle ndani hamna nafasi ya ziada. Kwa hiyo ugonjwa huu unadai mambo mawili: kuwahi kabla ya tiba, na subira baada yake. Kwa bahati mbaya, wengi hufanya kinyume. Huchelewa hospitali kwa miaka, kisha hutaka kupona kwa wiki.

Uvimbe unaoonekana zaidi kwenye neva za mgongo ni shwanoma. Neva hufunikwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, Theodor Schwann. Seli hizo huizunguka neva kama plastiki inavyouzunguka waya wa umeme. Zikianza kuongezeka bila mpango, uvimbe hujijenga polepole, mara nyingi kwenye mzizi wa neva inayoleta hisia. Kwa kawaida huwa mmoja na haurithiwi. Zikionekana shwanoma kadhaa kwa mtu mmoja, hasa kijana, daktari atachunguza iwapo kuna ugonjwa wa kurithi.

Kwa kuwa hukua taratibu, mwili huuvumilia kwa muda mrefu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maumivu yanayofuata njia ya neva moja: kuzunguka ubavu, kushuka mkononi, au kuteremka mguuni. Wagonjwa wengi husema huzidi usiku wakilala na hupungua wakisimama. Maumivu ya misuli iliyochoka huwa kinyume, hutulia kwa mapumziko. Baadaye huja ganzi, mguu kulegea, na kupepesuka gizani. Mtu akianza kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au akapata ganzi sehemu za siri, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo saa zinahesabika.

Muda mwingi hupotelea kwenye kuchuliwa, sindano za maumivu, na picha ya eksirei iliyotoka safi. Eksirei huonyesha mifupa, na uvimbe wa neva unaweza kabisa usionekane humo. Kinachouonyesha vizuri ni MRI, hasa ikipigwa pamoja na dawa ya mshipani inayoung'arisha uvimbe. Katika nchi zetu kipimo hicho pia husaidia kutambua kifua kikuu cha mgongo, ambacho nacho huleta maumivu na kupooza lakini tiba yake ni nyingine kabisa.

Si kila uvimbe hupasuliwa. Ulio mdogo na usiosumbua unaweza kufuatiliwa kwa MRI za kurudiarudia. Unaobana ugwe mgongo au kuleta udhaifu huondolewa, na hapa ndipo hofu hutanda: "Ukipasuliwa mgongo, hutembei tena." Historia inajibu. Mwaka 1887 jijini London, daktari wa mishipa ya fahamu William Gowers alikisia mahali uvimbe ulipo kwa kumpima mgonjwa kwa mikono na macho tu, kwani eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Victor Horsley akauondoa. Mgonjwa aliyekuwa amepooza miguu alirudi kutembea na kufanya kazi. Leo daktari hutumia hadubini, na katika vituo vyenye vifaa hupima neva kwa umeme mdogo kabla ya kukata kitu. Upasuaji wa mgongo hufanyika hapa kwetu pia, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Kinachotabiri zaidi matokeo ni hali ya mgonjwa alipoingia chumba cha upasuaji. Anayeingia akitembea ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka akitembea.

Baada ya hapo saa hubadilika mwendo. Kwa kawaida maumivu hupungua kwanza, nguvu hufuata, na ganzi huondoka mwisho, nyingine hubaki. Neva iliyoumia, inapoota upya, husogea takriban milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Basi usilinganishe leo na jana. Linganisha mwezi huu na uliopita, na usiache mazoezi ya fiziotherapia kwa sababu wiki imepita bila badiliko.

Nyumbani, mambo madogo ndiyo yanayolinda kazi ya daktari. Mguu wenye ganzi hausikii moto: jaribu maji ya kuoga kwa kiwiko, vaa viatu hata ndani, kaa mbali na jiko la mkaa. Ndoo za maji na bodaboda zisubiri ruhusa ya daktari. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Dawa za maumivu ya neva, kama gabapentini au amitriptilini, zisikatizwe ghafla. Kidonda kikitoa majimaji meupe kama maji, kichwa kikauma kila unapoketi, homa ikapanda au mguu mmoja ukavimba, rudi hospitali bila kungoja kliniki.

Ndugu nao wajue kwamba mgonjwa aliyeambiwa "si saratani" bado anaweza kulia usiku kwa maumivu na kuogopa kupoteza kazi. Asiambiwe anadeka.

Mwisho, tunza picha za MRI na majibu ya maabara ya kinyama kilichotolewa. Maabara ndiyo inayothibitisha aina ya uvimbe, na ukibakizwa kipande kwa ajili ya kulinda neva, unaweza kukua tena baada ya miaka mingi. Daktari wa siku hiyo huenda asiwe yule aliyekupasua. Picha ya zamani mkononi mwake ndiyo itakayomwonyesha kama kuna kilichobadilika, na safari hii hakuna atakayechelewa.