Tamthilia Bei Gani? Hesabu za Geita na Kahama

Mtu wa Katoro akikuuliza tamthilia gani ni nzuri siku hizi, muulize kwanza anaangalia kwa njia gani. Jua Kali ya king'amuzi cha nyumbani, ya vipandevipande vya kwenye simu na ile anayosimuliwa na mpangaji wa chumba cha pili zina gharama tofauti kabisa, na inayokula hela nyingi si lazima iwe ndiyo tamu zaidi.

Jua Kali yenyewe, kazi ya Leah Mwendamseke, yaani Lamata, iko Maisha Magic Bongo tangu 2021. Waigizaji wanajua kazi, na mafundo ya mapenzi na mali yamefungwa na mtu anayejua kufunga. Kinachonichosha ni mwendo. Mtu anaambiwa neno moja, kamera inamzungukia usoni, muziki unapanda, anageuka, na kesho tunaanzia palepale kwenye sebule yenye meza ya kioo. Tamthilia ya namna hii haina kituo cha kushukia, na kwenye kifurushi cha mwezi hilo ni jambo la hela.

Tupige hesabu. Chukua kifurushi cha sh 25,000 kwa mfano (bei hubadilika, angalia ya leo kabla ya kulipia). Ukikifuata kipindi kimoja tu, jioni tatu kwa wiki, unapata vipande 12 au 13 kwa mwezi. Kila kipande kimekugharimu karibu sh 2,000. Mkiwa wanne sebuleni, na mzee anataka taarifa ya habari, bei hiyo inagawanyika hadi haiumi. Lakini kijana wa mgodini anayeishi peke yake, wiki hii anaingia mchana, ijayo usiku, hana wa kugawana naye. Siku za kifurushi haziulizi kama uko shimoni, zinakwenda tu. Kuna marudio, ni kweli, ila marudio ya saa nne asubuhi yanamkuta ndiyo kwanza amelala.

Azam wana hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi wa Shinyanga na Geita wanapofaidi bila kujua. Haki za kuonyesha Ligi Kuu wamezichukua kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, wenye thamani ya sh bilioni 225.6. Nyumba yenye shabiki wa Simba au Yanga italipia tu, kwa mapenzi au kwa shingo upande. Basi Kombolela ya Sinema Zetu inaingia humo kama nyongeza ya muuza nyanya. Na ni nyongeza nzuri: maneno ya uswahilini yanatamkwa kama yanavyotamkwa, umbeya una ladha, na watu wanagombana uani badala ya kwenye ofisi ya mkurugenzi. Kwa maoni yangu ina uhai kuliko Jua Kali, ingawa picha zake si safi kama zile.

Hukohuko Azam ndiko wengi tulikoionea Sultan, hadithi ya Suleiman na Hurrem, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, vipande 139, ikaisha. Vikiuzwa nje hukatwa vifupi zaidi, hivyo usishangae kukuta idadi kubwa. Faida yake kwa mfuko ni hiyo ya kuisha: unajua unalipia nini na utaacha lini. Mtungaji wake nimempa alama za juu, hasa pale wanawake wa jumba la mfalme wanapopigania nafasi kwa tabasamu.

Sasa simu. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa saa moja ya picha ya kiwango cha kati inakula takriban GB 0.7, na ya kiwango cha chini GB 0.3. Mwaka 2021 TCRA iliweka bei ya bando kati ya sh 2.03 na sh 9.35 kwa MB moja. Kwa ile bei ya chini kabisa, saa moja ya kiwango cha kati ni sh 1,421. Ukiangalia saa moja jioni 22 za mwezi, umetumia zaidi ya sh 31,000, bila mpira, bila habari, na bila mtu mwingine kuona vizuri kioo chako. Ukishusha ubora unarudi kwenye sh 13,000 na kitu. Ndiyo maana nasema simu ni ya kipande ulichokikosa tu.

Umeme usikutishe. Televisheni na king'amuzi vinavyokula wati 80 kwa pamoja, saa tatu kila siku, ni uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa LUKU ya sh 357 kwa uniti ni kama sh 2,570. Kwa nyumba iliyo kwenye bei ya watumiaji wadogo, sh 122 kwa uniti, haifiki sh 900.

Kibanda umiza ni cha mpira. Tamthilia huko inawekwa kujaza muda, na ukifika wiki ijayo utakuta ya Kichina.

Imebaki flashi. Kahama au Katoro, dukani unajaziwa sizoni nzima, imetafsiriwa na msimuliaji mmoja anayesema sauti zote, mtindo uliopewa umaarufu na marehemu Lufufu na wenzake. Kwa mchimbaji mdogo anayelipwa duara likitema, njia hii inaendana na kipato: hela ikiwepo unajaza, isipokuwepo unarudia za zamani. Naielewa, na msimuliaji hodari anaweza kuokoa filamu mbovu. Lakini nyingi kati ya kazi hizo zinanakiliwa bila ruhusa, aliyetunga hapati hata mia, na virusi vya flashi unapewa bure. Siishauri.

Nina dukuduku moja. Isidingo, iliyotufikia kupitia ITV, ilijengwa juu ya mgodi wa dhahabu wa kubuni, Horizon Deep. The River ya Afrika Kusini inaanzia kwenye almasi, na Wakenya wakaigeuza kuwa Kina, Sanaipei Tande akicheza tajiri wa madini. Sisi tuna Mwadui tangu 1940, tuna GGM, Bulyanhulu, maduara ya Rwamgasa na Nyarugusu, na sijaona tamthilia ndefu ya nyumbani iliyotoka humo. Bado tunaonyeshwa meza ya kioo.

Uamuzi wangu ni huu. Nyumba yenye familia na mpira, lipia Azam, na tamthilia uzipate humohumo. Anayeishi peke yake na anayeingia zamu, anunue kifurushi kidogo kwa mwezi alio mapumzikoni na kuchagua hadithi iliyokwisha. Na kabla ya kumpa fundi hela ya dishi, muulize mambo mawili: chaneli unayoitaka iko kwenye kifurushi kipi, na kifurushi kikiisha zinabaki chaneli zipi.