Fahamu: Marshallville, mji mdogo uliozaa pichi la Elberta

Marshallville ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Hapo, miaka ya 1870, Samuel Rumph alikuza pichi lenye nyama ya njano, akalipa jina la mkewe, Elberta. Tunda hilo lilistahimili safari. Likapakiwa kwenye barafu na kufika New York kwa treni likiwa zima. Waliolichuma wengi walikuwa vibarua Weusi, na historia ya mji haikamiliki bila wao. Mwaka 1924 ikaundwa hata wilaya jirani iitwayo Peach, yaani pichi.

Lakini mpichi usipopata baridi ya kutosha hauchanui vizuri. Mwaka 2023, majira ya baridi yaliyokosa baridi, kisha jalidi ya Machi, viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya mapichi ya Georgia.