Kompyuta ya Watu Wengi na Shida Zake

Leo tutazungumza juu ya kompyuta kubwa zinazotumiwa na watu wengi katika vyuo vikuu. Nawe uliyelikosa somo hili redioni, lisome hapa polepole, kalamu mkononi.

Mtambo wa namna hii si kompyuta moja. Ni kompyuta nyingi zilizounganishwa ili zisaidiane katika hesabu ambazo moja peke yake haiziwezi. Hapa nchini mtambo mmoja wa aina hiyo, uitwao PARAM Serengeti, uliwekwa katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kwa msaada wa India. Mitambo hii kwa kawaida hutumiwa kwa mbali, kwa njia ya intaneti.

Ili tuelewane, fikiri juu ya mashine ya kusaga mahindi. Mlangoni yuko karani. Wamwambia una madebe mangapi, naye huandika jina lako, kisha wangoja zamu. Mtambo huu nao una kompyuta ya mlangoni, na karani wake ni programu. Vyuo vingi duniani hutumia ile iitwayo Slurm. Kompyuta za kusaga ziko nyuma. Shida nyingi za watumiaji hutokana na kuusahau mpango huu.

Shida ya kwanza: mlango haufunguki. Ukiona maneno "Permission denied", yaani huna ruhusa, tazama kwanza kama umeandika jina lako sawasawa, na herufi kubwa na ndogo za neno la siri. Usibahatishe mara kumi, maana mitambo mingi humfungia nje kwa muda anayekosea mno.

Ya pili: programu haionekani. "Command not found" si dalili ya kuharibika. Mara nyingi programu imo ghalani, haijaitwa. Andika module avail uone zilizopo, kisha module load pamoja na jina la unayoitaka. Amri hiyo iandike pia ndani ya faili la kazi yako.

Ya tatu: kazi haianzi. Andika squeue. Herufi PD maana yake kazi yangoja zamu. Usiitume tena mara tano. Utairefusha foleni bure. Afadhali ujiulize: je, niliomba saa 48 kwa kazi ya saa 2? Kazi fupi karani aweza kuipenyeza katika nafasi ndogo. Ndefu hapana budi ingoje.

Ya nne: kazi yakatika katikati. Andika sacct. TIMEOUT maana yake muda ulioomba umekwisha. OUT_OF_MEMORY maana yake kazi imetaka kumbukumbu kuliko uliyoomba. Jaribu kwanza kwa data chache, tazama imetumia kiasi gani, ndipo uombe kwa kipimo.

Sasa nataja kosa kubwa kuliko yote: kufanya hesabu nzito katika kompyuta ya mlangoni. Tuseme mwenzio wa Iringa anachunguza ugonjwa wa mahindi, na zimebaki siku 3 atoe tasnifu yake. Ataka kuingia achukue majibu, lakini mlango umeziba, kwa kuwa wewe uliye Mbeya unasaga mahindi juu ya meza ya karani! Kazi ya mwaka mzima yaweza kukwama hivyo. Basi tuma kazi kwa karani kwa amri ya sbatch. Nawe utafaidika: hata umeme ukikatika chumbani kwako, kazi iliyotumwa hivyo huendelea kule ulikoituma.

Mwisho, ukishindwa, mwandikie msimamizi wa mtambo. Usiseme tu, "Haifanyi kazi." Mgonjwa humweleza daktari panapouma na tangu lini. Mpe namba ya kazi, amri uliyoandika, saa, na maneno yote ya kosa kama yalivyo.

Maswali ya kujipima: Kwa nini tusisage mezani kwa karani? PD maana yake nini? Utamwandikia msimamizi mambo gani? Jibuni pamoja kikundini. Kwaherini.