Kijana Aliyepotoka na Mbwa Asiye na Mwenyewe

Mbwa akitajwa katika ukurasa wa afya, watu hungojea kusikia habari za kichaa cha mbwa. Habari hizo tutazigusa, maana muuguzi hawezi kuzipita. Lakini mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo jingine. Huko Marekani, kwa zaidi ya miaka 30 sasa, vijana walioingia katika uhalifu, au walio karibu kuingia, wamekuwa wakikabidhiwa mbwa waliotelekezwa ili wawatunze na kuwafundisha. Mbwa hupona, na mara nyingi kijana naye huanza kupona.

Kwanza tueleze mbwa hao wanatoka wapi. Huko mbwa asiye na mwenyewe hukamatwa na kupelekwa katika kituo cha kuhifadhi wanyama. Wengine hupelekwa na wenyewe, kwa sababu wanahama, fedha zimewaishia, au mbwa amekuwa mkorofi. Hapo husubiri familia ya kuwachukua. Mwaka 2019 shirika la ASPCA lilikadiria kwamba mbwa wapatao milioni 3.1 walikuwa wakiingia katika vituo hivyo kila mwaka, na wapatao 390,000 walikuwa wakiuawa humo. Anayekosa wa kumchukua mara nyingi ni yule anayebweka ovyo, anayerukia watu, anayekojoa ndani, au anayetetemeka akiguswa. Anafundishika, ila hajapata wa kumfundisha. Mzazi anayesoma maneno haya huenda ameshamkumbuka mtoto fulani wa mtaani kwake.

Sista na mbwa wake

Mmoja wa watu wa kwanza kuliona jambo hili alikuwa Sista Pauline Quinn, Mdominiko, aliyefariki mwaka 2020. Yeye mwenyewe alikuwa msichana aliyetoroka nyumbani kwa ajili ya mateso, akahamishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, akaishi mitaani. Alisema wazi kwamba aliyemrudishia ujasiri wa kutembea kati ya watu alikuwa mbwa, mkubwa, wa ile aina ya Kijerumani inayotumiwa na polisi, jina lake Joni. Mwaka 1981, akisaidiana na Dk. Leo Bustad, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Washington State, alianzisha mpango katika gereza la wanawake la jimbo la Washington. Wafungwa walifundisha mbwa waliotelekezwa ili wakawasaidie watu wenye ulemavu. Wazo hilo likaenea katika magereza mengine mengi.

Kwa vijana, mpango unaojulikana zaidi ni Project POOCH. Ulianzishwa mwaka 1993 na Joan Dalton katika gereza la vijana la MacLaren, mji wa Woodburn, jimbo la Oregon. Kila kijana alipewa mbwa wake. Asubuhi alimlisha, akasafisha banda, akamchana manyoya, akampeleka mazoezi, kisha akamfundisha kukaa, kulala, kuja akiitwa, na kutembea bila kuvuta kamba. Mbwa alipokuwa tayari, alitafutiwa familia ya kumchukua.

Hapakuwa na fimbo. Mbwa akifanya vizuri hupewa kipande kidogo cha chakula na kusifiwa, akikosea hurudiwa tena. Tungependa akina baba waliangalie jambo hili kwa makini. Kijana aliyelelewa kwa makofi na matusi hujua njia moja tu ya kumfanya mwingine atii. Akimpigia mbwa kelele, mbwa hufyata mkia na kujificha, na kazi ya juma zima imeharibika. Kijana anayaona hayo papo hapo, bila mtu kumhubiria. Inambidi ashushe sauti, atulie, asubiri. Mbwa hajui kesi yake wala kilichoandikwa katika faili lake. Anajua tu kama leo amekuja na hasira au amekuja kwa upole.

Mwilini kunatokea nini?

Akina mama wanaonyonyesha wanaijua hali ya utulivu inayowajia mtoto anapovuta titi na kuwatazama usoni. Homoni mojawapo inayohusika hapo huitwa oksitosini. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana kwa muda, homoni hiyo huongezeka kwa wote wawili. Kwa hiyo mbwa naye anafaidika, hasa yule aliyekuwa akitetemeka kila akiona mkono ukinyanyuliwa.

Sisi tunaohudumu wodini hatushangai sana. Mgonjwa anayehudumiwa tu, asiyeombwa lolote, huchelewa kuinuka kitandani. Mpe mtoto wa kumbembeleza au kuku wa kuulizia habari zao nyumbani, utaona anaanza kuomba chakula. Kijana wa gerezani naye amezoea kupokea amri, chakula na adhabu. Huenda hii ni mara ya kwanza kwake kuwa na kiumbe kitakacholala njaa asipoamka.

Je, matokeo yamepimwa? Uchunguzi mmoja wa mapema kuhusu vijana wa Oregon ulieleza kwamba katika kundi lililofuatiliwa hakuna aliyerudi kwenye uhalifu. Ni habari njema, lakini vijana hao hawakuchaguliwa kwa kura, na kijana anayeomba mwenyewe kutunza mbwa pengine ameshaanza kugeuka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulipangwa kwa uangalifu zaidi. Vijana 138 waliozuiliwa katika vituo viwili waligawanywa kwa bahati nasibu, kwa muda wa majuma 10. Kundi moja liliwafundisha mbwa wa vituo vya hifadhi, jingine liliwatembeza tu, na wote walipata masomo juu ya mbwa. Katika makundi yote mawili uwezo wa kumhurumia mwingine uliongezeka. Lakini dalili za huzuni na wasiwasi nazo ziliongezeka katika makundi yote mawili!

Wengine wangesema basi mpango umeshindwa. Sisi hatuoni hivyo moja kwa moja. Mkono uliokufa ganzi ukianza kupata damu huuma. Kijana aliyeuziba moyo ili asiumie, akiufungua kwa ajili ya mbwa, hataweza kuchagua kuhisi furaha peke yake. Hayo ni maoni yetu ya kiuguzi, lakini yana maana kwa matendo: asiachiwe mbwa halafu akaachwa peke yake. Lazima awepo mtu mzima wa kuzungumza naye, hasa siku mbwa anapochukuliwa na familia yake mpya. Siku hiyo vijana wakubwa hulia. Aliyezoea kuachwa na watu sasa anaachana na mwenzake kwa sababu kazi yake imefanikiwa, na hilo ni jambo jipya kabisa kwake.

Tena, si kila kijana anafaa. Mwenye tabia ya kutesa wanyama asikabidhiwe mbwa mpaka apate matibabu, na wala asiachwe naye bila msimamizi. Mbwa naye huchunguzwa kwanza: mkali wa kuuma hapewi kijana, na kila mmoja huchanjwa na kutibiwa minyoo, kupe na viroboto.

Na hapa tunafika nyumbani kwetu. Kwetu kichaa cha mbwa bado kipo, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo msomaji asiende kuokota mbwa wa jalalani na kumpa mtoto mkaidi akidhani ameiga Oregon. Aanze na mbwa wa nyumbani, yule anayerushiwa mifupa na mawe kwa zamu. Mtoto apewe kazi ya kumlisha kwa saa ileile kila siku, kumwekea maji safi, na kumpeleka kwa bwana mifugo pamoja na mzazi ili achanjwe, chanjo irudiwe kila mwaka. Asimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata mtoto wa mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupakwa majani wala mafuta ya taa, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, na amalize sindano zote. Kadi ya chanjo ya mbwa itunzwe mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto, na huyo kijana ndiye awe mwenye kuikumbuka tarehe.