Dida Galgalu kwa Baiskeli: Anza na Hesabu ya Maji

Safari ndefu ya baiskeli husifiwa kwa kilomita. Leo tumekata mia, kesho tutakata mia na ishirini, na msikilizaji husifu miguu. Kwenye barabara ya Nairobi hadi Nakuru, ambako hukosi kibanda cha chai, hesabu hiyo haina madhara. Ukiipeleka kaskazini mwa Kenya, kati ya Moyale na Marsabit, inaweza kuua. Huko siku hupangwa kwa maji: yanapatikana wapi, yatatosha saa ngapi, na upepo utakuchelewesha kiasi gani kabla ya kuyafikia mengine.

Chukua kipande cha Turbi hadi Bubisa, kama kilomita 70 kupitia jangwa la Dida Galgalu. Mawe meusi ya volkano yametapakaa pande zote, na mti wa kupumzikia chini yake ni nadra. Mtu anayekanyaga pedali juani anaweza kutokwa na lita nzima ya jasho kwa saa. Akienda kilomita 20 kwa saa, kipande hicho ni saa tatu na nusu. Akienda kilomita 10, ni saa saba. Umbali ni ule ule, maji ni maradufu. Kinachoamua ni upepo wa Turkana, unaovuma kutoka kusini-mashariki ukiwa umebanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani. Anayetoka Moyale kuelekea kusini upepo huo humpiga mbele na ubavuni, na kasi ya hewa inayompiga ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huwa mara nne. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri ni busara kwa sababu ya jua, lakini upepo huu hushika nguvu usiku na kuendelea hadi asubuhi. Anayedhani atakimbia kwenye ubaridi wa alfajiri hukosea hesabu tangu saa ya kwanza. Tena maji yenyewe ni mzigo. Madumu mawili ya lita tano, yaliyofungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, ni kilo kumi juu ya gurudumu la nyuma, na uzito huo huonekana barabara inapoanza kuupanda mlima wa Marsabit.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii ni ya zamani, maana sasa kuna lami hadi Moyale na malori hupita. Ni kweli lami imeondoa mawe na matuta yaliyokuwa yakivunja magari. Haikuleta kivuli, wala haikupunguza upepo. Lori linaweza kukuokoa, lakini anayeliweka lori kwenye mpango wake wa siku amekabidhi uhai wake kwa bahati. Wengine hutegemea vichujio, nao husahau kwamba kichujio husafisha maji yaliyopo, hakiyaleti yasiyokuwepo. Na hata mwenye maji tele anahitaji chumvi, kwa kuwa jasho huitoa mwilini, na kunywa maji matupu kutwa nzima huizimua zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la haki. Wafugaji wa huko walipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020, wakapoteza mifugo kwa wingi. Mgeni anayesafiri kwa starehe ana haki gani ya kunywa maji yao? Naliona swali hili kuwa la msingi, na jibu langu si kwamba asiende. Kisima cha wafugaji wa Kiborana kina wenyewe, kina msimamizi na zamu za kunywesha, kwa hiyo si mahali pa kujichotea. Mgeni ajaze madumu Moyale au Marsabit, anunue kwenye maduka ya vituo vya njiani kwa bei inayotajwa bila kubishana, na wakati wa ukame aahirishe safari.

Kwa hiyo unayepanga njia hii, andika vituo vya maji kwanza, kisha saa, kilomita mwisho. Waulize wenyeji na polisi hali ya usalama kabla ya kuondoka. Na ukifika Turbi saa sita mchana, upepo ukiwa mkali na huna maji ya saa saba, lala Turbi.